Sura ya Saba: Picha Imevunjikia Wapi?

Mama yule alifika karakana kwetu Ngamiani, Tanga, saa mbili asubuhi, nyuma yake kijana wa bajaji amembebea kompyuta iliyofungwa kwa kanga. Ana duka la kuchapa na fotokopi karibu na shule, na ilikuwa wiki ya mitihani ya majaribio. Walimu walishamkabidhi maswali yao. "Fundi," aliniambia hata kabla hajaketi, "kioo kimeingia wadudu."

Nilipoiwasha nikawaona. Vijimraba vya waridi na kijani vilikuwa vimetapakaa kwenye skrini nzima, tena kwa mpango: safu zenye nafasi sawa, kama mtu aliyetunga shanga kwa kupima. Vilijitokeza tangu ile alama ya mtengenezaji, Windows ikiwa bado haijaanza kupanda. Baadhi ya herufi zilikuwa zimegeuka herufi nyingine kabisa.

Nilikuwa na miaka minne kwenye kazi, na bloa mpya mezani. Nikachomoa kadi ya grafiki, nikafungua feni na hitisinki, nikapuliza hewa ya moto juu ya chipu dakika kadhaa, nikaacha ipoe, nikairudisha. Picha ikatoka safi. Mama akanishukuru, akalipa, akaenda kuchapa mitihani. Siku ya kumi na tisa nikamwona tena mlangoni, kanga ileile, wadudu walewale.

Safari hii hakuniita fundi. "Mwanangu," alisema, "ile siku ulitengeneza au uliahirisha?"

Niliahirisha. Na nimeiandika sura hii kwa sababu kila mwezi nakutana na kompyuta ambazo zimeahirishwa hivyo hivyo, wenyewe wamelipa, na hakuna aliyewauliza swali la kwanza: picha imevunjikia wapi?

Picha unayoiona kwenye skrini imesafiri. Programu, tuseme ile unayoandikia barua, inaagiza kitu kichorwe. Draiva inalitafsiri agizo hilo liwe lugha ambayo chipu ya grafiki inaielewa. Chipu inachora, na mchoro unaandikwa kwenye kumbukumbu ya kadi, ambayo ni vile vipande vyeusi vya mraba vilivyoizunguka chipu. Kutoka hapo mchoro unasomwa, unapita kwenye tundu la nyuma, unaingia kwenye waya, unafika kwenye skrini. Skrini ya kawaida ya leo ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, jumla nukta 2,073,600. Kila nukta ikiandikwa kwa baiti 4, picha moja ni zaidi ya baiti milioni 8, na picha hiyo husomwa upya mara 60 kila sekunde. Ukiikumbuka hesabu hiyo hutashangaa tena kwa nini kasoro ndogo mahali popote njiani inaonekana machoni papo hapo. Kosa la kumbukumbu ya kawaida linaweza kujificha siku nzima ndani ya faili. Kosa kwenye njia ya picha halina pa kujificha.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya macho. Kabla hujashika bisibisi, piga picha ya skrini. Sisemi uipige kwa simu. Bonyeza kitufe cha Print Screen, uihifadhi, kisha uitume kwenye simu yako na kuitazama humo. Ukiitazama kwenye kompyuta ileile hutajua lolote, maana kasoro ya skrini itakaa juu yake vilevile. Kwenye simu, kama mistari na vijimraba vimo ndani ya picha, mchoro uliharibika mapema, kwenye chipu, kumbukumbu, draiva au programu yenyewe. Kama picha ni safi, mara nyingi uharibifu umetokea baada ya mchoro kukamilika: kwenye tundu, waya au kioo. Ni jaribio la dakika mbili, halina gharama, na ndilo ninalowafundisha vijana wetu siku ya kwanza.

Jaribio la pili ni kutazama wakati. Kasoro inaanza lini? Ikiwepo tangu alama ya mtengenezaji au ndani ya BIOS, usihangaike na draiva ya Windows, kwa sababu wakati huo bado haijapakiwa. Ikianza pale tu Windows inapofika kwenye eneo la kazi, draiva inaingia kwenye orodha ya watuhumiwa. Ikianza baada ya nusu saa ya mchezo au ya kuhariri video, fikiria joto na umeme.

La tatu ni skrini nyingine. Kwenye laptopu jaribio hili linaokoa pesa nyingi kuliko mengine yote. Unganisha televisheni au monita ya nje. Picha ikiwa safi huko nje na mbovu kwenye laptopu, kadi ni nzima. Tatizo ni kioo, au ule waya bapa unaopita kwenye bawaba. Hapo fungua na ufunge kifuniko taratibu: mistari ikicheza kadiri kifuniko kinavyocheza, ni waya. Mstari mmoja mwembamba wa wima uliosimama palepale tangu unapowasha hadi unapozima, hausogei wala haubadiliki, huwa ni kioo. Zikiwa mbovu skrini zote mbili, kwa namna ileile, sasa umefika kwenye grafiki.

Kwenye waya wa VGA nitakaa kidogo, kwa sababu bado ndio uliojaa katika maofisi, mashule na maduka yetu, na kwa sababu unasema ukweli waziwazi. IBM ndiyo iliyoutoa mfumo huo mwaka 1987. Tundu lake lina nafasi 15 katika safu 3, na rangi zinasafiri kila moja kwenye pini yake: pini ya 1 nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 buluu. Pini moja ikipinda au kulegea, rangi yake haifiki, na zile mbili zilizobaki zinachanganyika. Ikipotea buluu, skrini nzima inakuwa ya njano. Ikipotea kijani, inakuwa ya waridi iliyoelekea zambarau. Ikipotea nyekundu, inakuwa rangi ya feruzi. Ukiona karatasi nyeupe ya Word imegeuka njano tupu, huku maandishi yametulia na hakuna kijimraba hata kimoja, angalia pini ya tatu. Nimewahi kuletewa kadi ya grafiki mpya iliyonunuliwa kwa sababu ya pini iliyopinda, na iliniuma, kwa sababu aliyeinunua ni mwalimu aliyetoa mshahara wake.

Waya wa HDMI kwa kawaida haugeuzi rangi kwa namna hiyo. Ukiwa mbovu unatoa vinukta vinavyometameta, au skrini inazima sekunde moja na kuwaka tena, hasa ukiugusa. Badilisha waya, badilisha tundu, kisha ndiyo uzungumze mengine.

Draiva tuzipite haraka, maana hapa mambo ni mepesi. Tangu Windows Vista, mfumo unaisubiri chipu ya grafiki sekunde 2. Isipojibu, draiva inawashwa upya yenyewe. Ndipo unapoona skrini imekuwa nyeusi, kisha imerudi na ujumbe kwamba draiva iliacha kujibu na sasa imepona. Ukitaka kuiwasha upya mwenyewe kwenye Windows 10 na 11, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Shida ikiwa imeanza baada ya kusasisha, rudi kwenye draiva ya zamani au iondoe kabisa na kuweka ile ya mtengenezaji wa chipu. Lakini kuna mtego. Watu wengi huwasha kompyuta kwa hali salama, wanaona picha imetulia, wanahitimisha kwamba draiva ndiyo mbovu. Katika hali salama Windows inatumia draiva ya msingi ambayo haiitumii chipu kwa nguvu. Chipu mgonjwa aliyelala naye huonekana mzima. Kama umeweka draiva mbili au tatu tofauti na kasoro haibadiliki, acha kupakua.

Umeme nao. Kompyuta nyingi tunazouza huku ni za mtumba, zilizotumika maofisini Ulaya na Marekani, nazo ni imara. Ila zile ndogo nyembamba hutoka kiwandani na saplai ya wati 240 hivi, iliyopimwa kwa kazi za ofisi. Kijana ananunua moja, anachomeka kadi ya michezo, halafu anashangaa skrini inazima kila mchezo unapochangamka. Kadi hupata wati 75 tu kutoka kwenye soketi ya mazabodi; pini 6 za ziada huongeza 75 nyingine, na pini 8 huongeza 150. Kadi inayodai pini 8 kwenye saplai ya wati 240, iliyobeba pia prosesa na diski, itakosa umeme pale pale inapouhitaji zaidi. Wapo wanaotumia adapta za kugeuza waya wa diski uwe waya wa kadi. Nimeziona zimeyeyuka, plastiki nyeusi imeganda kwenye pini. Siziweki na siziuzi.

Sisi wa pwani tuna jambo letu pia. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na kadi iliyokaa miaka miwili karibu na dirisha linalotazama bahari huota ukungu wa kijani kwenye meno yake. Picha inacheza, kompyuta inatoa milio badala ya kuwaka, wakati mwingine kadi haionekani kabisa. Zima, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha boksi ili umeme tuli uondoke mwilini, kisha itoe kadi. Futa meno yake kwa kitambaa laini chenye spiriti safi ya kusafishia vifaa, acha ikauke, irudishe mpaka ile klipu ya soketi ikubali. Feni ipulize vumbi ukiwa umeishika kwa kidole isizunguke. Pesti iliyokauka kati ya chipu na hitisinki ibadilishwe. Kasoro zilizokuwa zikitokea kwenye joto tu, nyingi zinaishia hapo, na hizo ndizo siku nzuri za kazi yetu.

Sasa turudi kwa wadudu wa yule mama.

Vijimraba vyenye nafasi sawa, herufi zinazogeuka herufi nyingine, mistari iliyokatika kwa vipimo, na vyote vipo tangu alama ya mtengenezaji: huo ni mwandiko wa kumbukumbu ya kadi, au wa njia kati ya kumbukumbu na chipu. Mpangilio unatokana na jinsi data inavyogawanywa. Mchoro hauhifadhiwi mahali pamoja. Umepasuliwa vipande na kugawiwa vile vipande vyeusi kwa zamu, kama karata. Kimoja kikigoma, au waya wake mmoja ukikatika, makosa yanajirudia kila zamu yake inapofika. Ndiyo maana yanaonekana yamepangwa. Kwenye michezo chipu mbovu hufanya jambo jingine: pembetatu ndefu zinachomoza kutoka mwilini mwa mchezaji hadi ukingo wa skrini, kwa kuwa namba ya kona moja imesomwa vibaya.

Na kwa nini moto uliiponya kwa siku kumi na tisa? Hapa naomba msomaji awe na subira, kwa sababu kutoelewa jambo hili kumewagharimu watu wengi.

Tangu tarehe 1 Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku risasi katika lehemu ya vifaa vingi vya umeme, na viwanda vya dunia vikahamia lehemu ya bati yenye fedha na shaba kidogo. Lehemu ya zamani ya bati na risasi iliyeyuka kwenye nyuzi 183. Hii mpya inahitaji takriban nyuzi 217. Miaka michache baadaye ulienea mtindo wa kuoka kadi mbovu kwenye jiko la mikate, kwa nyuzi 200 hivi, dakika nane au kumi. Na kadi nyingi zilifufuka. Watu wakasema lehemu iliyopasuka imeyeyuka na kujiunga. Sasa piga hesabu mwenyewe: kwa nyuzi 200, lehemu inayoyeyuka kwenye 217 haijayeyuka. Kama haijayeyuka haijajiunga. Basi kilichorudi ni nini?

Tazama chipu kwa undani. Kinachofikiri ni kile kipande cha silikoni kinachong'aa katikati. Hakikulehemiwa moja kwa moja kwenye kadi. Kimekaa juu ya kibao kidogo, kimeshikwa na vinundu vya lehemu vidogo mno, na katikati yake imemiminwa gundi ngumu. Kibao hicho ndicho kilicholehemiwa kwenye kadi kwa vidonge vikubwa vinavyoonekana ukiinamisha kichwa. Silikoni ikipata joto hutanuka kidogo sana. Kibao cha chini yake hutanuka mara tano au sita zaidi. Kila unapowasha wanavutana, kila unapozima wanavutana tena, na anayeumia ni kinundu kilichobanwa kati yao. Gundi ipo ili kumsaidia. Gundi ikilegea mapema, kinundu kinapasuka ufa mwembamba kuliko unywele.

Moto wa bloa au wa jiko unavitanua vitu hivyo vyote, na nyuso mbili za ufa zinagusana tena. Zinagusana tu. Hakuna kilichoungana. Baada ya kuwasha na kuzima mara kadhaa zinaachana, na safari hii pengine na jirani zake, kwa kuwa moto umewachosha na wao. Na zile kapasita za karibu nazo umezipunguzia umri.

Hili si jambo la karakana za mitaani pekee. Tarehe 2 Julai 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kwamba inatenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu zake za laptopu zilizokuwa zikifa kwa wingi kuliko kawaida, na ikataja udhaifu wa malighafi zilizotumika kuifunga chipu. Mwaka mmoja kabla, Julai 2007, Microsoft ilitenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya mashine za Xbox 360 zilizokuwa zikizimika na kuonyesha taa nyekundu, ikarefusha dhamana yake hadi miaka mitatu. Februari 2015 Apple ilianzisha mpango wa kutengeneza bure baadhi ya MacBook Pro za 2011 hadi 2013 zilizokuwa na picha iliyovurugika. Kampuni hizo zina maabara, wahandisi na mitambo ambayo mimi sitaiona maishani. Kama kupasha moto kungekuwa matengenezo, zisingetoa mabilioni hayo.

Matengenezo ya kweli yapo: kung'oa chipu au kipande cha kumbukumbu na kuweka kingine kizima, kwa mashine maalumu inayopasha juu na chini kwa vipimo. Kwa laptopu ya bei kubwa inaweza kulipa. Kwa kadi ya kawaida ya mezani, hailipi, na fundi muungwana anapaswa kulisema hilo kabla hajawasha bloa.

Nilipopewa lile swali la kuahirisha, nilifanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Nikatazama jina la prosesa. Ilikuwa ya Intel, na haikuishia na herufi F. Prosesa za Intel za mezani zenye F mwishoni hazina grafiki ndani; nyingi kati ya nyingine zinayo. Nikachomoa kadi, nikaiweka pembeni, nikachomeka waya wa monita kwenye tundu la mazabodi. Skrini ikawaka, nyeupe, haina mdudu. Kazi yake ni Word, Excel na fotokopi. Ile kadi aliikuta tu ndani ya mashine alipoinunua. Alihitaji kuondolewa kitu, si kuongezewa. Nilimrudishia pesa yake yote, na aliihesabu mbele yangu, kama inavyostahili.

Kama kweli unahitaji kadi nyingine, kaa macho. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya kidijitali wa Ethereum uliacha mfumo wa uchimbaji uliokuwa ukitumia kadi za grafiki, na kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagika kwenye soko la mitumba duniani kote. Nyingi bado nzima. Ila uchimbaji ule uliibana kumbukumbu kuliko chipu, kwa hiyo muulize muuzaji akuruhusu kuijaribu nusu saa nzima, tena kwa programu inayopima kumbukumbu. Memtest_vulkan ni ya bure na inaitosha kazi hiyo. Dakika tano za kuwasha na kuona eneo la kazi hazitoshi.

Na zipo bandia. Kadi ya kizamani inachukuliwa, programu yake ya ndani inabadilishwa ijitaje kwa jina la kadi mpya, kisha inawekwa kwenye boksi linalong'aa. Inawaka vizuri. Ukiweka draiva halisi ndipo skrini inavurugika, au Windows inaizima kwa msimbo wa 43. Ifungue kwa programu ya GPU-Z kabla hujatoa pesa. Inazitambua nyingi, na inaandika FAKE mwanzoni mwa jina. Iwe ni Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, muuzaji mkweli hatakunyima dakika hizo. Akikunyima, muage uende zako.

Mwaka jana, mwezi wa mitihani, yule mama alinipigia simu. Nikajiandaa kusikia habari za wadudu. "Fundi, shikamoo sitaki, nisikilize kwanza. Skrini imekuwa njano yote. Herufi zimetulia. Nimepiga picha ya skrini nimeitazama kwenye simu, nyeupe. Nimechomoa waya, kuna pini imelala. Nimebadilisha waya na wa kompyuta ya pili, imekaa sawa." Nikamuuliza sasa ananitakia nini. "Waya mpya," akasema. "Nitumie na kijana, na uniambie bei kabla."